Swali la Tisa

Sijawahi kuuona uso wako, Taras Hrynkiw.
Najua unaandika bila herufi kubwa,
najua unafungua somo saa tisa usiku,
mji wa Regina wote umelala
na huko kwako, kilomita mia na arobaini kutoka nilipo,
theluji inakwangua mlango wa ghala la dengu.

Kazi yangu ni ndogo, nikikueleza utacheka:
kila Ijumaa nasoma ulichoandika,
nakujibu kwa aya tatu, zikizidi nne.
Masomo yenyewe si yangu, yalitungwa na wengine.
Mimi ni yule anayeshika tochi
wewe ukikaza nati.

Wiki ya kwanza, penye "mawazo yanayokusumbua",
ulijaza neno moja: mvua.
Nikafuta jibu langu mara tano.
Lililobaki lilikuwa swali:
iliyokosekana, au iliyozidi?
Siku mbili baadaye ukaleta ukurasa mzima,
mkopo wa trekta, kiti cha marehemu baba yako jikoni
ambacho hakuna anayethubutu kukikalia,
na Oksana, anayesema nawe siku hizi
kama anayesema na mtu wa benki.

Sikukuambia yatapita.
Walioambiwa yatapita wamejaa kwenye majalada yangu.
Niliandika: Jumatano ulinyoa ndevu.
Wiki iliyotangulia hukunyoa. Nini kilibadilika?
Ukajibu: kumbe umeona.
Nimeona.
Ndiyo kazi, Taras.

Bi. Fehr, aliyenifunza, alikuwa akisema
maandishi hayana sauti, basi yape pumzi:
weka nukta pale ambapo ungenyamaza.
Nilidhani ni pambo la maneno
mpaka Ijumaa ile ya Februari.

Maswali tisa kila wiki, nawe unabofya.
Usingizi, mbili. Hamu ya kula, moja.
Na la tisa, linalokuja mwisho
ingawa sisi hulisoma kwanza,
kwako lilikuwa sufuri, sufuri, sufuri, sufuri.
Ijumaa ile lilikuwa moja.

Moja.
Kama mti wa uzio uliobaki wima
nguzo wenzake wote wamefukiwa.
Nikaziacha aya, nikashika simu.

Iliita. Ikaita. Ikaita.
"Mtu wa kompyuta," ulisema,
sauti nyembamba kuliko niliyokutungia.
Nyuma yako ng'ombe alikuwa akiguna.
Ulitaka tuzungumze baridi: thelathini na nne chini ya sufuri,
betri ya gari imekufa, mabomba yameganda.
Nikakuachia baridi yako kidogo.
Halafu nikauliza, bila kuzunguka mbuyu,
kama unafikiria kujiua.

Kimya.
Nikaweka nukta.
Nikaweka nyingine.

"Jana," ulisema. "Leo si sana."
Kisha: "Bunduki nimempelekea Waldemar, jirani.
Nimemwambia naomba anisafishie."
Anajua ukweli?
"Hajui."
Ungeweza kumwambia?
Ng'ombe akaguna tena. "Anazaa huyu. Usikate,"
ukaiweka simu juu ya kitu cha bati
nami nikangoja dakika kumi na tisa
katika chumba chenye zulia la kijivu,
nikimsikiliza mtu niliyemjua kwa herufi ndogo
akimbembeleza mnyama kwa Kiukraini cha bibi yake,
taratibu, taratibu,
kwa upole ambao yeye mwenyewe hajawahi kujionjesha.

Uliporudi tulipanga: nani utampigia usiku,
namba ipi ikiwa mimi sipo, Oksana aambiwe lini.
Uliandika yote kwa kalamu, ulisema, kwenye mfuko wa chumvi.

Ijumaa iliyofuata nilikuandikia aya moja tu,
kuhusu ile sauti uliyomsemesha ng'ombe.
Hukuijibu. Siku tatu, hukuijibu.

Leo swali la tisa ni sufuri.
Sufuri siiamini haraka; nitapiga simu hata hivyo.
Chini kabisa ya somo la sita, mahali pasipo na swali,
umeandika:
waldemar anajua. oksana alilia, akakaa kwenye kiti cha baba.
ndama sikio moja limeliwa na baridi
lakini ananyonya.