Gogo Lisilo na Mhuri

Saa nane usiku, Oulu. Nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na mashine zinasema.
Hazimezi mate. Mistari elfu arobaini kwa dakika:
diski imefunguliwa, diski imefungwa,
mgeni kabisha mlango wa ishirini na mbili, kafukuzwa,
kiini kimeomba kumbukumbu, kimepewa,
kiini kimeomba kumbukumbu, kimenyimwa.
Nani asome? Macho ni mawili,
na haya yangu yana miaka hamsini na tatu.

Baba yangu, Oiva, alisimama juu ya maboya ya mbao
pale Mto Ii unapopanuka,
upondo mkononi, magogo yakimjia kwa mamia,
ya kampuni saba, yamechangamana, yamevaa tope.
Hakutazama urefu. Hakutazama gome.
Alitafuta mhuri uliogongwa kwenye mkato:
nyota, kwato, herufi mbili zilizolaliana.
Akisukuma kidogo tu,
kila gogo likaenda kwao.

Basi nikaiambia programu yangu:
futa saa, futa tarehe, futa anwani,
futa tarakimu zote na jina la aliyebisha.
Ukishaosha tope, kinachobaki ndicho mhuri.
Ikaosha. Mistari milioni tisa
ikajipanga mafungu mia tatu na kumi na mawili,
na Sampsa, mwenzangu wa zamu, akapiga meza:
“Irja, sasa hata kulala tutalala!”
Akalala kweli, kofia usoni.

Mimi sikulala.
Fungu la mwisho lilikuwa na mstari mmoja.
Hauna ndugu, hauna jirani:
*safu ya tisa, kabati la nne, kihisi cha joto hakijibu.*
Programu ikauliza: huu niuweke wapi?

Gogo lisilo na mhuri, Baba hakulisukuma popote.
Alilivuta kando, akalifunga kamba,
akaketi juu yake na mkate wake mweusi
kumngoja mwenyewe.
Siku moja alingoja mpaka giza, mwenyewe hakutokea.
Ndipo akalipapasa na kukuta tundu za misumari.
Halikuwa gogo. Lilikuwa boriti.
Juu kule, daraja lilikuwa limekatika.

Nimevaa koti. Safu ya tisa.
Nimeweka kiganja kwenye bati la kabati la nne,
nikamwita Sampsa kwa sauti
ambayo sijawahi kuitumia kazini.