Herufi Moja

Tartu, Februari. Theluji imeziba dirisha la nyaraka.
Maarika anapima maneno
kwa mizani isiyo na sahani.

Mzee Endel alitaka jina moja tu: Hilja.
Mashine ikamletea meli ya makaa, Hilja,
iliyotajwa mara arobaini,
ikakaa juu kwa kupiga kelele.
"Dada yangu," akasema, "hakuwa na kelele."

Basi Maarika akapunguza uzito wa kurudiarudia,
akaongeza uzito wa safu ya majina,
kurasa ndefu akazivunja kiburi.
Meli ikazama hadi ukurasa wa tatu.
Dada, bado.

Kahawa ilishapoa alipomkumbuka karani:
aliandika Kirusi, hakuwa na H,
akaazima G.
Akabadili namna ya kuuliza.
Si tena *lete lililo sawasawa*,
bali *lete linalokaribia,
kosa la herufi moja nimesamehe*.

Gilja. Miaka sita. Behewa la tisa.
Mara moja tu, kwenye orodha ya mablanketi.

Endel akagusa kioo, kidole kikabaki pale.
Maarika akahifadhi mabadiliko,
na penye nafasi ya sababu akaandika:
aliyetajwa mara moja, ametajwa.