Kasha Namba 312

Kasha limefika Daegu Jumanne, limevishwa plastiki,
rangi ya chai iliyopoa,
namba mia tatu na kumi na mbili kati ya mia saba.
Tumechanga wanne. Pil-gyu kaongeza gharama ya posta
na hajaacha kutukumbusha.

Ok-bun kafunga mapema duka lake la kutengeneza saa,
kapanga viazi vitamu juu ya jiko la mafuta ya taa.
"Nawaeni," asema. "Diski haipendi vidole vya viazi."
Nje theluji inaanguka kwa uvivu.

Ugomvi ulitangulia mkasi.
Jaladani: fundi wa lifti, mwalimu wa kuogelea,
wamepeana migongo kama wanaodaiana,
na chini yao, kwa herufi za dhahabu: Hadithi ya urafiki.

"Urafiki!" Se-ra akaruka. "Urafiki gani huo
wa kunusa shati la mwenzio gizani,
kisha ukalikunja ulivyolikuta?"
"Wanatafuta wanunuzi," Pil-gyu akajibu.
"Na sisi ni nani? Wapita njia?"
Akalichomoa jalada, akaligeuza, ndani jeupe.
Akaazima kalamu yangu, akaandika neno moja:
Wapenzi.
Pil-gyu akashika kichwa. Bei ya kuliuza tena
ilikuwa imekufa mbele ya macho yake.

Dakika ya tisa, bwawa.
"Simamisha! Lilikuwa kijani,
kijani cha ukuta wa hospitali.
Hii ni bluu ya tangazo la benki."
"Kanda yako ilichakaa, Pil-gyu."
"Na macho yangu je, nayo yalichakaa?"
Hakuna aliyethubutu kujibu.

Hayo yote yalikuwa kupasha misuli.
Vita yenyewe ilikuwa imelala kwenye diski ya pili:
sekunde arobaini, zilizokatwa miaka kumi na tisa iliyopita.
Mwisho tunaoujua sisi ni huu:
ghorofa ya kumi na nne, wawili wanaingia kwenye lifti,
mlango unafunga,
nasi tunaachwa koridoni tukitazama namba zikishuka.
Sasa inasemekana kamera iliingia nao.

"Ng'o," akasema Chang-gil. "Mimi nimeishi humo.
Nimewagombanisha, nimewapatanisha,
kuna mwaka niliwaacha wakae kimya tu.
Asije mtu leo kuniambia walifanya nini."

"Unaupenda mlango kwa kuwa umezeeka nao," Se-ra akasema.
"Mimi nimechoka na milango.
Wengine wanabusiana mvuani, mtaa mzima ukiwashangilia.
Sisi tunapewa namba."

Lile "sisi" likabaki mezani, katikati ya maganda.
Chang-gil akalitazama kwa muda.

Kura: mbili kwa mbili.
Pil-gyu na Se-ra, kwa kuwa pesa imeshatoka.
Mimi na Chang-gil. Yeye kwa imani,
mimi kwa woga tu.

Ok-bun hakuwa na kura; hakuchanga hata sarafu.
Alikuwa akimenya kiazi asichokila.
"Marehemu mume wangu aliitazama mara sita, peke yake.
Kanda aliificha kwenye droo ya saa zisizopona.
Sikumuuliza. Naye hakusema."
Akafuta mikono kwa aproni.
"Wekeni."

Tukaweka.

Kumi na tatu. Kumi na mbili.
Nywele za mwalimu zingali mbichi.
Fundi ananyoosha mkono, anamwekea sawa ukosi,
na mkono unasahau kurudi.
Tisa. Mlango unafunguka:
mama mmoja na mfuko wa vitunguu.
Mkono unakumbuka.
Wote watatu wanatazama namba.
Basi.

"Ndiyo hiyo tu?" Sauti ya Se-ra ilikuwa imepasuka.
Chang-gil alikuwa akitafuta miwani
iliyokuwa puani pake.

Ok-bun akaomba turudishe nyuma, pale kwenye ukosi.
Tena.
Tena.
Mara ya nne Pil-gyu akasema, taratibu,
kama mtu aingiaye chumba cha mgonjwa:
"Hapa rangi wameipatia."