Mwezi Mpevu, Igombe

Mwezi ukipevuka, dagaa hawadanganyiki.
Taa juu ya maji inakuwa upuuzi,
kibatari mbele ya tanuri,
na mitumbwi hulala kifudifudi mchangani
kama walevi walioshindwa kufika kwao.

Ndiyo maana huku Igombe hatuulizi Pasaka ni lini.
Huja wavuvi wakiwa na usingizi,
vichanja vitupu, kunguru wamenuna,
na deni la dukani limeandikwa
hadi pembeni mwa karatasi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minne.
Mama, Nkwimba binti Lugata, alikuwa mjane wa mwaka wa pili
asiye na pa kupeleka maua.
Ziwa lilimchukua baba upande wa Ukara
lisirudishe hata kandambili.
Tulizika shati lake la bluu,
lile lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine,
tukalipangia mawe juu,
kana kwamba kulikuwa na kitu cha kutoroka.

Magesa ndiye aliyerudi.
Dumu moja la petroli, watu wawili,
na dumu hubeba mmoja.
Hakuna aliyemuuliza zaidi ya hapo.
Mama hakumuuliza kabisa.
Miaka miwili alipita mbele yake akitazama milima.

Usiku wa mkesha, kanisa likazimwa.
Nje mwezi ulimwagika juu ya mabati, juu ya miamba,
na ziwani hapakuwa na taa hata moja.
Zote zilikuwa zimekuja kwetu:
moto ulitoka mlangoni, mkono kwa mkono,
mshumaa ukiinamia mshumaa,
mpaka nikaona ndani ya kuta nne
ule mji ninaouona juu ya maji siku za giza.
Nikaanza kuhesabu, kama ninavyohesabu kila usiku,
nitafute ipi imepungua.

Ilipungua moja. Kando ya mama
Magesa alikuwa ameshika utambi mweupe, mkavu.
Mama alikuwa na moto. Mama alitazama mbele.

Padri akasoma habari ya wanawake na alfajiri yao,
manukato kwapani, wakibishana njiani
nani atawaondolea jiwe. Sisi watu wa Mwanza
mawe tunayajua: yanakaa hata juu ya mawe wenzao.
Akasoma kwamba ndani hakukuwa na mtu.
Sikushtuka.
Kaburi tupu tulikuwa nalo tangu siku ya kwanza
na halijatuambia kitu.

Lakini kijana aliyekaa mle, mwenye nguo nyeupe,
aliwatuma kwa wanafunzi,
akaongeza jina moja, kama mtu anayekumbuka mlangoni:
Petro.
Yule mvuvi. Yule aliyeokoa ngozi yake penye moto wa ua,
akamwacha mwenzake azame peke yake.
Habari njema ilimtafuta kwa jina,
kabla hajajua aombe radhi vipi.

Nilisikia mama akishusha pumzi,
kama mtu anayetua ndoo.

Ilipofika zamu ya ahadi za ubatizo
mishumaa ikawashwa tena.
Mkono wa mama ulitetemeka. Aliugeuza.
Nta ilimdondokea Magesa kidoleni,
wala hakuuondoa.
Hawakusemezana. Nawaambia mlichotaka kukisikia
hakikusemwa.

Asubuhi mama aliwasha mkaa karibu na maji,
akaweka sato wawili waliokopwa.
Yangeyange wakaja kwanza, kama kawaida yao.
Kisha akapaza sauti kuelekea kule
mtu alikokaa akishona wavu ambao haukuwa umechanika:
"Magesa! Samaki anapoa."

Baba hajarudi. Shati liko palepale chini ya mawe.
Mwezi ukapungua, wanaume wakashika makasia,
na usiku ule wa kwanza wa giza nilikaa mwambani
nikatazama taa zikisambaa hadi mbali.
Nilifika arobaini na kitu, nikapotea,
sikuanza upya.