Kochi la Pasua

Dirisha letu latazama mlima;
jua la asubuhi huingia kwa ubavu,
bila hodi.
Mama alishona pazia la bitana mbili,
akatandaza vitambaa vya kufuma.
Baba, tangu astaafu kinu cha kahawa,
alilifungua kila kukicha
aione Kibo kabla haijajifunika,
akakaa palepale, kikombe pajani.
"Ndelamio, kochi litachuja!"
"Na mimi je?"

Tumeanua matanga. Fundi Kisali kaja na sampuli.
Kochi limepauka, chai ya majani yaliyorudiwa,
ila pale alipoegemea:
mabega mawili, damu ya mzee,
mabichi kama siku ya dukani.

Mama akamrudishia fundi sampuli zake.
Akavuta pazia,
akalibana kwa vibanio vya nguo.