Mstari wa Kalamu

Mimi si daktari. Mimi ni Saturnina,
wa ndoo, wa dekio, wa funguo za stoo.
Kila alfajiri, saa kumi, najaza chupa ya spiriti
mlangoni mwa wodi ya watoto njiti.

Julai, hapa Potosí, maji huganda ndani ya bomba.
Unafungua, bomba linakohoa, halitoi.
Ndiyo maana ya spiriti: bonyeza, sugua, hesabu hadi ishirini,
viganja, katikati ya vidole, kidole gumba kinachosahaulika,
kama picha ya ukutani inavyoonyesha.
Picha ile naipangusa vumbi kila Jumatatu.

Mkaguzi alipokuja kutoka La Paz
na kalamu yake ya risasi,
kila mkono ulimeremeta.
Tisini na mbili kwa mia, akaandika. Wakampigia makofi
kwa mikono safi.
Alipopanda basi nilichora mstari kwenye chupa,
sawasawa na kimo cha spiriti, nikaandika tarehe.
Mkaguzi huhesabu anachokiona.
Mimi nahesabu kinachopungua.
Siku tisa. Haikushuka hata unene wa ukucha.

Sikusema. Nani humsikiliza mtu wa dekio?

Kitanda cha nne alilala binti wa Fortunato Colque,
gramu elfu moja na mia moja, jina bado.
Baba yake hutoka mgodini, vumbi la bati
limeingia kwenye mistari ya viganja, halitoki tena.
Alisugua hadi viwikoni. Akanusa. Akasugua tena.
Akaniuliza, mimi, huku akificha kucha:
"Mama, hivi wataniruhusu kumgusa?"
Nyuma yake akapita Daktari Arancibia,
viganja vyeupe kama maziwa,
kutoka kitanda cha pili, kwenda cha tatu, kwenda cha nne,
mbio, maana watoto ni kumi na saba na yeye ni mmoja,
na ngozi yake imepasuka kwa baridi, na spiriti huchoma kwenye nyufa.
Si mtu mbaya. Nasema hili nikijua si mtu mbaya.

Wanasema mkono mtupu haulambwi.
Humu wodini hakuna mkono mtupu.

Homa ilianza Jumatano.
Ijumaa nilitandika upya kitanda cha nne.
Fortunato alikuja kuchukua blanketi.
Alinawa kwanza.
Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hapana haja.

Ndipo nilipoibeba chupa hadi mezani kwa Sista Yobana,
nikaiweka juu ya mafaili, mstari ukimtazama.
Hakuuliza. Alisoma tarehe, akahesabu kwa vidole,
akakaa chini.

Sasa kila kitanda kina chupa yake miguuni,
na kando yake kikopo cha mafuta ya mgando,
wazo langu hilo, mniandikie.
Watu wakisema nimenawa mikono, maana yake mimi simo tena.
Humu, anayenawa ndiye aliyemo.

Jana usiku Daktari Arancibia alisimama kitanda cha nne.
Yupo mwingine sasa, mvulana, anapiga chafya kama paka.
Akabonyeza. Akakunja uso, nyufa zile.
Akasugua, kidole gumba pia.
Hakuniona pembeni na ndoo yangu, nikihesabu naye:
kumi na nane, kumi na tisa.
Akataka kuacha.

Nikakohoa.

Ishirini.