Nyuma ya Chombo

Mie Shaame, nakata stika Machomanne,
mlango wa pili ukishampita muziba mipira.
Wembe, rula, karatasi za gundi za rangi tatu.
Nyekundu imekwisha tangu kampeni.

Mama haipendi kazi hii.
"Sie tukisemana kwa kanga," anasema,
"mtu anavaa, anapita, mwenye kuumia anaumia.
Nyie mwasemana kwa matako ya magari."
Kisha anasogea, ananong'ona:
"Ile ya gari ya maji imeandikwaje?"

Ya gari ya maji imeandikwa
MAJI NI UHAI. UHAI ELFU THELATHINI.
Mwenyewe alitaka niongeze "risiti hakuna,"
nafasi ikakataa.

Pikapu ya Thani, wa Mtambile:
MKARAFUU WANGU, MIZANI YAO.
Nisiseme alinilipa nini.
Duka lilinukia wiki nzima harusi ya mtu mwingine.

Msichana wa Wawi, skuta mpya, kioo kimoja:
SI UMBEA, NI UCHAMBUZI.
Mwalimu Subira, baiskeli ya marehemu mumewe:
NIMEFUNDISHA MAWAZIRI. NAOMBA LIFTI.

Lakini iliyonilisha mwaka huu ni ya lori la kokoto:
UKIWEZA KUSOMA HAPA, SHIMO HUJALIONA.
Nimeiuza mara kumi na tisa.
Mmoja alirudi na bampa mkononi,
stika bado imeng'ang'ania:
alikuwa akisoma ya mwenziwe.

Mgombea naye alikuja. Gari kubwa,
vioo vyeusi, ukiviangalia wajiona mwenyewe.
Alitaka TUKO PAMOJA.
Nikambandikia hapo hapo kwenye weusi.
Sikuongeza kitu. Ingekuwa kuharibu.

Halafu Bikombo wa Gombani,
mwenye punda na gari ya mbao,
anayebebea watu saruji, vitanda, mara moja maiti.
Akataka: SIKUPIGA KURA, NAVUTA TU.
Tukabishana tubandike wapi.
Mie nasema kwenye ubao.
Yeye anasema ubao haujasema kitu, aliyesema ni punda.

Ikaja barua, muhuri juu, muhuri chini:
maneno yote ya nyuma ya vyombo
yahakikiwe, nakala tatu, ada iko kwenye kiambatisho.
Kiambatisho hakikuja.
Alikuja kijana mwembamba, Hafidh,
shati limenyooshwa mpaka linaogopesha,
daftari, kalamu mbili.
Akapanga vyombo uwanjani, akavinakili kimoja kimoja.
Kwenye shimo alibana midomo.
Kwenye uhai alipiga hesabu ya nyumbani kwake, nilimuona.
Kwenye punda akageuka, akakohoa,
kikohozi kirefu cha mtu mwenye mshahara.

"Mnyama huyu ni wa chama gani?"
"Muulize," Bikombo akamwambia,
"sie twalala nyumba moja, hatujaulizana."

Usiku, watu wameshatoka msikitini,
nafunga mlango, nikasikia vespa inazimwa kabla haijafika.
Hafidh. Kikoi, fulana, bila kalamu.
"Nikatie na mie."
"Neno gani?"
Akautazama mlango. Akautazama wembe.
Akalisema taratibu, kama anayemtajia daktari panapouma.
Herufi tisa. Rangi nyeupe. Sikumtoza.

Asubuhi alisimama njia ya Gombani anaandika faini.
Bila kibali, elfu ishirini. Lugha ya kejeli, hamsini.
Vespa yake kaiegesha pembeni,
makalio yametuelekea sote tuliopanga foleni:

NIMETUMWA.

Mtu wa mbele akasoma, akampisha wa nyuma asome.
Mwalimu Subira akafungua pochi, akahesabu sarafu,
akampa mkononi, akamwambia, "Pole, mwanangu."
Hakuna aliyecheka.

Yule punda alipita kando, kwenye majani,
hakusimamishwa,
na saruji ya watu mgongoni mwa gari, ikimwagika kidogo kidogo.